Mwenye Kusema Ndiyo

Asubuhi ya siku ya tatu daktari aliacha kumtazama Nsimire. Siku mbili za kwanza alikuwa akija kitandani pa mumewe, Venant, anainamisha kichwa kwa adabu, anaeleza polepole, na kila akimaliza anauliza kama mama ameelewa. Nsimire alikuwa ameelewa vizuri tu. Miaka saba ya kuwaogesha wazee wa Kizungu katika kituo cha wazee ilikuwa imemfundisha Kiingereza cha hospitali kuliko hata Kiingereza cha dukani. Lakini asubuhi hiyo daktari alisimama upande wa pili wa kitanda, akaangalia faili, akaangalia saa, kisha akakiuliza chumba kizima kama kuna mtu yeyote aliyempata kaka wa mgonjwa.

Venant mwenyewe hakuwa mtu wa kuulizwa kitu. Alilala macho nusu wazi, midomo imemkauka, akiwaita kwa majina watu waliokufa zamani kwao Bukavu. Kidonda kilichoanza kwenye kidole cha mguu wa kushoto, ndani ya viatu vizito vya kazi alivyovivaa ghalani Villawood, kilikuwa kimekutana na sukari yake ya siku nyingi na kupanda hadi juu ya kifundo. Mguu ulikuwa mweusi. Harufu yake kila mtu aliisikia na hakuna aliyeitaja.

Muuguzi Mkenya, Chebet, alimshika Nsimire mkono akamtoa hadi kwenye ukumbi, karibu na mashine ya soda.

"Mama, skiza. Usikasirike na daktari. Wamepata fomu."

"Fomu gani?"

"Ile ya guardian. Mzee alisaini, lawyer akashuhudia, kila kitu iko sawa. Social worker aliipata jana kwa records." Chebet alipunguza sauti. "Hapa New South Wales sheria iko hivi. Mtu akishindwa kujiamulia, na hakuwa ameandika mtu, wanauliza bibi yake kwanza. Hata kama ndugu ni kumi, bibi ndiye anatangulia. Lakini kama mwenyewe aliandika mtu akiwa na akili zake, basi ni huyo. Na mzee aliandika mtu anaitwa Mugisho."

"Ni yaya yake. Mukubwa wake."

"Sasa bila huyo yaya, daktari hawezi kukata. Hali ikiwa emergency kabisa, ile ya dakika, hapo wataingia bila kuuliza mtu. Lakini saa hii dawa inashikilia kidogo. Wanataka kukata Alhamisi, chini ya goti. Wakingoja sana, itapita goti. Ama sumu iende kwa moyo, na hapo hakuna kukata tena."

Nsimire aliegemea ile mashine. Ilikuwa ikinguruma na kutetemeka mgongoni mwake.

"Ni mimi nilimuambia amuandike," alisema.

Na kweli ilikuwa hivyo. Miaka miwili nyuma, baada ya ibada, mwanasheria mmoja msichana alikuja kwenye ukumbi wa kanisa Merrylands na bunda la fomu na trei mbili za sambusa za kununua. Alieleza vizuri, na mkalimani alikuwepo: chagua mtu atakayekusemea siku ukishindwa kusema, mtu anayekujua. Venant alishika kalamu akamgeukia mkewe. Lakini Mugisho alikuwa amekaa safu ileile, kiti cha tatu, mikono juu ya magoti, akitazama mbele kama mtu asiyesubiri kitu. Nsimire akamfinya mumewe pajani. "Andika Yaya," alinong'ona. "Utaandika je jina yangu na yeye iko hapa?" Kwao mwanamke hamtangulii shemeji mkubwa hata kwenye sahani ya nyama, seuze kwenye karatasi yenye mhuri. Mwanasheria alifurahi kuona fomu zinajaa upesi namna ile. Hakujua kwamba katika ukumbi ule hakuna aliyemchagua mtu. Kila mmoja alikuwa akimpa mkubwa wake heshima yake, basi. Wazee watatu walitoka pale wakiwa na mamlaka juu ya miili ya nusu ya kanisa, na bahasha zao wamezibana kwapani.

Wala hakuna aliyeifikiria tena fomu ile. Ilikuwa ni karatasi, na Australia ni nchi ya karatasi.

*

Mugisho alifika saa nane mchana kutoka Rooty Hill, amevaa koti la suti na kofia. Alikuwa na miaka sitini na saba, mrefu, mwenye kutembea kana kwamba sakafu imetandikwa kwa ajili yake. Wauguzi waliompitia Nsimire siku tatu bila kumwuliza kama amekula walimletea Mugisho kiti, na daktari alikuja mwenyewe kumpa mkono. Kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, Nsimire alisimama. Binti yake, Déborah, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, alimtazama mama yake akisimama akauma midomo.

Déborah alitaka kutafsiri, lakini daktari alikataa kwa upole. Kwa jambo kama hili lazima awe mkalimani wa kazi hiyo, wa kwenye simu. Simu ikapigwa, mkalimani akaeleza: kukata chini ya goti, nafasi nzuri ya kupona, mguu wa bandia baadaye, kutokata, siku chache. Mugisho alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie kwetu mutu moja haamue ya mutu. Nitauliza famille."

Daktari aliuliza itachukua muda gani. Mugisho akajibu kwamba familia ni watu wengi. Daktari akaandika kitu kwenye faili, akatoka.

Huko Bukavu kulikuwa asubuhi. Mugisho alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, na majibu yakaanza kudondoka moja baada ya jingine huku simu ikiwa juu ya kitanda, karibu na mguu wenyewe. Mjomba mmoja alisema mtu wa kwao hazikwi nusu. Mwingine akauliza kama hao madaktari wa Kizungu wameshaombewa. Kisha ikaja sauti ya shangazi yao, Lydie, kali na safi, ikajaza chumba.

"Juu ya nini ule muke anaharakisha bwana akatwe? Muulize! Kule banalipaka mutu mwenye kuchunga kilema. Kila wiki banamutumia makuta. Yeye anajua hesabu yake."

Mugisho aliikamata simu akahangaika kupunguza sauti, lakini vidole vyake vilikuwa vinene na kitufe kidogo, na shangazi akamaliza maneno yake yote. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, Mlebanoni mmoja mzee, hakuelewa hata neno moja, lakini aligeuza uso ukutani kwa aibu. Nsimire alikunja taulo lililokuwa tayari limekunjwa.

"Kikao itakuwa samedi," alisema Mugisho mwishowe, yaani Jumamosi. "Bote batakuwa ku simu."

"Shemeji, munganga alisema jeudi." Daktari alitaka Alhamisi, kesho kutwa.

"Nilisikia."

"Samedi si jeudi."

"Mama Déborah," alisema Mugisho bila kumtazama. "Nilisema nilisikia."

*

Jioni ile Nsimire aliyeyusha sombe, kisamvu kilichokuwa kimeganda kwenye friza, akapika na ugali ambao hakuna aliyeula. Msimamizi wake wa kazi alikuwa ametuma ujumbe mara mbili kuuliza kama ataingia kesho. Siku zake za ruhusa zilikuwa zimekwisha tangu Venant aanze kuchechemea. Alijibu kwamba haji, akaomba radhi, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Déborah alikuwa na kompyuta mapajani.

"Mum, there's a tribunal. They do urgent ones over the phone, like tomorrow even. You just tell them he's not deciding."

"Niambie kwa Kiswahili."

"I can't, Mum, I don't know the words." Akajaribu hata hivyo, akaokota maneno moja moja. "Ni kama... korti. Lakini ndogo. Unabaambia, yule mutu Papa aliandika, hafanye kazi. Banamutosha. Banaweka wewe."

"Nimushitaki yaya wa baba yako kwa Wazungu."

"It's not suing him!"

"Na dimanche nitakaa wapi ku kanisa? Safu gani? Baba yako akiamka, nimuambie nilipeleka damu yake ku korti juu yake mwenyewe akiwa amelala?"

"If he wakes up," alisema Déborah, akaifunga kompyuta.

Nsimire alikaa. Kuchoka alikuwa amekuzoea, kwa kuwa kazi yake ni ya mgongo na mikono, na miaka yake imefika hamsini. Uchovu huu ulikuwa mwingine. Alikuwa amechoka na adabu. Kituoni kwao alikuwa amewaona wake wa Kizungu, vikongwe wenye vifimbo, wakiambiwa na daktari jambo zito, wakifikiri kidogo, wakasema ndiyo au hapana, kisha wakaomba chai. Alikuwa akiwaonea huruma kwa upweke wao. Sasa aliwaonea wivu, na wivu huo ukamkasirisha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa nafasi yake kwa kidole chake, kwa kumfinya mtu pajani.

"Kesho asubuhi naenda kwake," alisema. "Akikatala mpaka midi, saa sita, piga simu kwa hiyo korti yako. Nitasema mimi mwenyewe."

*

Alipanda treni Merrylands, akabadilisha Blacktown, akashuka Rooty Hill na kutembea dakika ishirini juani. Mugisho aliishi peke yake katika kijumba cha nyuma ya nyumba ya Wafilipino, chumba kimoja na jiko. Tangu afiwe na mkewe hakuna aliyejua anakula nini. Alifungua mlango akiwa amevaa fulana na kandambili, na kwa mara ya kwanza Nsimire aliona kwamba shemeji yake alikuwa mzee.

"Kaa," alisema.

Kisha akafanya jambo ambalo Nsimire hakuwahi kuliona kwa miaka ishirini na sita aliyoolewa katika ukoo ule: akachemsha maji, akamtilia chai yeye mwenyewe, akamletea kwa mikono miwili. Sukari alizidisha mno. Nsimire akainywa yote, maana hakujua la kufanya zaidi ya hilo.

Alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na maneno ya heshima ya kuanzia, na nyuma yake maneno makali. Hakuyahitaji. Mugisho alivuta mkebe wa biskuti kutoka chini ya kitanda, akautua juu ya meza, akaufungua. Ndani kulikuwa na bahasha nne.

"Venant," alisema akiweka ya kwanza. "Kubwimana, ule Murundi wa kuimbisha. Mama Généreuse. Na huyu, hata sijue sura yake muzuri, alikaa pembeni yangu tu ile siku, akaniuliza jina." Akazipanga kwa kidole. "Batu ine. Mi nabeba batu ine mu mukebe ya biskuti. Na sijue hizi makaratasi zinasema nini. Mi nilisoma mpaka tatu ya primaire, Mama Déborah. Nilisinya juu batu balikuwa banasinya. Nilizani ni heshima bananipa."

"Ilikuwa heshima, shemeji."

"Heshima gani hii ya kuniua?" Sauti yake ilipanda ikashuka. "Jana nilienda pale ndani, ule munganga akanipa mukono, nikajisikia mukubwa. Nikarudi hapa, sikulala. Nikisema bakate, naye akufie ku table, famille itasema nilimuuza. Nikikatala akufe, wewe na mutoto mutasema nilimuua. Na akipona? Atafungua macho, ataniuliza: Yaya, muguu yangu uliweka wapi?" Akasukuma bahasha ya kwanza kuvuka meza. "Ichukue. Wewe ni muke. Ichukue yote, nitasinya fasi unataka."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nsimire alitaka kucheka. Alimpigia Déborah, akaweka sauti nje, akamweleza. Walisikia vidole vya binti vikigonga kompyuta, kisha pumzi ndefu.

"He can't, Mum. Not now. Angeweza kama Papa iko sawa. But because Dad can't understand anything, he can't just quit. It has to go to the tribunal."

Mugisho hakuhitaji kutafsiriwa. Aliitazama bahasha pale katikati ya meza, isiyokwenda kwake wala kwa mwenziwe.

"Kumbe hii kitu unaingia tu," alisema. "Kutoka, mpaka korti."

"Tunaweza kwenda, shemeji. Sisi wawili. Déborah anasema ni kwa simu."

"Mi niambie Wazungu ku simu kama nimeshindwa kuwa mukubwa?" Alitikisa kichwa. Nje, mtoto wa mwenye nyumba alikuwa akipiga mpira ukutani, na kila pigo lilitikisa vikombe. "Sikia. Wewe ulilala na ye miaka makumi mbili na sita. Mi namujua akiwa mutoto wa kuchunga mbuzi. Kesho tunaenda wote. Utasema wewe ile anataka. Mi nitarudilia. Jina yangu, sauti yako. Hiyo sheria yao inakatala?"

Nsimire hakujua kama inakataza. Alijua tu kwamba tangu aolewe hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumwambia aseme, na kwamba kesho ilikuwa Alhamisi.

"Na famille? Na kikao ya samedi?"

"Bafanye kikao," alisema Mugisho. "Batakuta tulishamaliza."

*

Walikutana katika chumba kidogo chenye sanduku la tishu mezani na picha ya ufuko wa bahari ukutani. Daktari alikuwepo, na mfanyakazi wa ustawi mwenye daftari, na Chebet alikuwa amesimama mlangoni. Mkalimani wa siku hiyo alikuwa Mtanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari, na simu yake iliwekwa katikati ya meza.

"Daktari anasema, sheria inamtaka akuulize wewe, Bwana Mugisho," ilisema simu. "Na sheria inakutaka wewe usiseme unachotaka wewe. Ujitahidi kusema kile ambacho ndugu yako angekitaka, kama angekuwa na uwezo wa kusema. Je, aliwahi kusema lolote kuhusu kukatwa mguu?"

Mugisho alimgeukia Nsimire. "Muke ndiye anajua," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, daktari akamtazama Nsimire.

Alijua, ndiyo. Ndiyo shida yenyewe. Venant alikuwa amesema mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka uliopita, walipokwenda kumwona mwenzake wa ghalani aliyekatwa mguu kwa sukari hiyohiyo. Waliporudi Venant alikaa ndani ya gari bila kuzima injini. "Mi, siku bakinikata muguu, bamalizie na shingo," alisema. "Sitaki kusukumwa mu kigari sawa mufuko ya muchele." Nsimire alimwambia aache mzaha. Akajibu kwamba hafanyi mzaha, na alilirudia kwa utulivu, akimtazama machoni, ili aelewe. Alikuwa mzima, hana homa, hana maumivu, amevaa shati lake la Jumapili.

Mara ya pili ilikuwa Jumapili hii iliyopita, saa chache kabla ya kumpakia kwenye gari la wagonjwa. Alikuwa anachemka mwili mzima. Alishika pindo la kitenge cha mkewe akalia kama mtoto: "Baitoshe. Baitoshe tu, nipumzike." Waitoe nini, hakusema. Pengine ni mguu. Pengine ni lile blanketi alilokuwa akilipiga mateke. Dakika hiyohiyo alikuwa amemwita Nsimire kwa jina la mama yake.

Basi ukweli ulikuwa katika neno la kwanza na uhai wa mume katika la pili, na havikuwa mahali pamoja. Nsimire hakuwa mtu wa kusema uongo. Hata kazini, akivunja sahani, alikwenda kuripoti mwenyewe. Alimfikiria Venant shingo upande kwenye kile kigari, amekasirika, anamgombeza kila mtu. Akamtaka hivyohivyo, na hasira zake. Akamtaka kwa nguvu iliyomtia aibu mbele ya wageni.

"Alisema baitoshe," alisema. "Dimanche. Alisema, baitoshe nipumzike."

Simu ikalisema kwa Kiingereza, likatoka safi, halina homa wala machozi. Mfanyakazi wa ustawi akaandika. Daktari aliuliza kama kuna kingine alichowahi kusema, wakati wowote.

"Hapana," alisema Nsimire akiitazama meza.

Mugisho alipeleka mkono kuvua kofia yake, ingawa alikuwa ameshaivua, akabaki ameshika kichwa chake kitupu.

"Basi," alisema. "Bakate."

Alisaini kwa kuchora herufi moja moja, ulimi nje kidogo, na watu wanne walimsubiri. Herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari.

*

Siku ya tano baada ya upasuaji homa ilikuwa imeondoka. Venant aliamka akaomba uji, akauliza timu gani imeshinda, akamwita Chebet kwa jina. Kisha alinyoosha mkono chini kujikuna, na mkono ukabaki pale, juu ya shuka lililolala bapa.

Nsimire alikuwa upande wa kulia na Mugisho karibu na dirisha. Déborah alikuwa amekwenda chuoni. Venant alilifunua shuka mwenyewe, akaangalia, akalirudisha taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Nani alikubali?"

"Mimi," alisema Mugisho.

"Yaya, sikuuliza wewe. Wewe haukujua." Venant alimgeukia mkewe. Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuambia mu gari. Nilikuambia mara mbili, nikakuangalia mu macho. Ulibaambia?"

Nsimire alifungua kinywa. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno haya siku tano, akiwa anapiga deki, akiwa kwenye treni, na yote yalikuwa yamemkimbia. Aliona Mugisho akimtazama. Aliona uso wa mzee ukielewa, polepole, kwamba ile Alhamisi kulikuwa na neno jingine na kwamba yeye hakupewa. Alingoja kusutwa.

"Alituambia," alisema Mugisho.

Venant akageuka.

"Aliniambia mbele ya munganga. Alisema haukutaka, alilia, alinishika koti. Mi nilimukatala." Mzee alijinyoosha hadi urefu wake wote, sauti ile ya kwenye vikao imemrudia. "Jina ku karatasi ni yangu, si yake. Mi ni mukubwa wako. Sikutaka kukuzika, nikasema bakate. Muke alinyamaza juu ya kuniheshimu."

Mashine ya jirani ililia mara mbili ikanyamaza.

"Toka, Yaya," alisema Venant.

Hakuna mdogo aliyewahi kusema neno hilo kwa mkubwa wake katika ukoo ule, walau si mbele ya mwanamke. Mugisho alichukua kofia yake dirishani, akaivaa vizuri, akatoka.

Nsimire alimkuta kwenye lifti, amebonyeza vitufe vyote viwili.

"Alisema nini, mu gari?"

Akamwambia.

"Na ile ya dimanche? Aliisema kweli?"

"Aliisema. Lakini homa ilikuwa juu, shemeji. Sijui kama ilikuwa ni ya muguu." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa na hakuyafuta. "Nitamuambia. Kesho akipata nguvu, nitamuambia ni mimi."

"Usimuambie."

"Shemeji, atakuchukia bure."

"Wewe unarudi naye nyumba moja," alisema Mugisho. "Utamuogesha, utamuvalisha, utamubeba ku choo. Akikuchukia wewe, atakuchukia asubuhi na mangaribi, na utakuwa pale. Mi niko Rooty Hill." Lifti ikafunguka, tupu. Akaingia, akageuka, akazishika kingo za koti lake. "Anichukie mi. Mi niko mbali."

Milango ikafunga. Nsimire alisimama pale hadi mtu mwenye kitoroli akaomba njia. Kisha akajipangusa uso kwa kiganja akarudi chumbani.

Venant alikuwa ameelekea ukutani.

"Alienda?"

"Alienda."

"Asikanyage kwangu tena. Hata nikikufa. Unasikia, Mama Déborah?"

Nsimire alimmiminia maji, akamtia mkono nyuma ya shingo, akamwinua kidogo ili anywe.

"Sawa," alisema.